NYUMBA MPYA ISIYO NA MOSHI: JIKO LIANZIE KWENYE RAMANI

Ndugu msomaji wa safu hii ya afya na usafi, leo tunazungumzia jiko. Sina nia ya kuzungumzia chakula kinachopikwa humo, bali moto unaokipika, na mahali moto huo unapowekwa nyumba inapojengwa. Nimelichagua somo hili kwa sababu Songea yetu inajengwa kwa kasi. Ukipita Ruhuwiko, Mjimwema, Msamala au Lizaboni, kila wiki unaona msingi mpya umechimbwa. Ni vizuri tujiulize mapema: katika nyumba hizi, moshi utakwenda wapi?

USIKU MMOJA WA MWEZI WA SABA

Wenyeji wa Songea wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba inayoshuka kutoka Matogoro. Katika msimu huo, miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, waliletwa watu wanne wa nyumba moja: baba, mama na watoto wawili. Jirani aliyewaleta alisema, "Tabibu, hawa malaria imewapanda kichwani wote kwa pamoja."

Nilipowapima hawakuwa na homa. Mama alikuwa anatapika na kulalamika kichwa kinapasuka. Baba alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtoto mkubwa alikuwa amelegea. Mdogo, wa miaka miwili, alikuwa ameshatutoka kabla hawajafika. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun.

Baada ya maswali machache ikajulikana kwamba walipomaliza kupika walilichukua jiko la mkaa, likiwa bado na makaa mekundu, wakaliingiza chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha, wakalala.

Jambo lililonishangaza siku hiyo, na ambalo ndilo kiini cha makala hii, ni kwamba nyumba yao ilikuwa mpya, haijamaliza mwaka. Ilikuwa na dari nzuri, milango mizito, na madirisha ya alumini yanayofunga barabara. Nyumba za wazee wetu zilikuwa za nyasi na udongo, na juu ya ukuta paliachwa nafasi, hivyo moshi ulipata pa kupitia. Sisi tumejenga nyumba zinazoziba upepo kabisa, lakini moto tunaoutumia ni ule ule wa zamani. Nyumba ya kisasa yenye moto wa kizamani ni hatari kuliko kibanda.

MOSHI UNAFANYA NINI MWILINI

Kuni na mkaa hutoa sumu za aina mbili kubwa ambazo kila Muislamu mwenye familia anapaswa kuzielewa.

Ya kwanza ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa ulioshika vizuri usio na moshi wowote huitoa kwa wingi. Ndiyo maana watu hudanganyika: hawaoni moshi, wanadhani wamesalimika. Damu yetu ina kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitaki kunyanyuka. Ubongo na moyo hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Kwetu huku dalili hizi huitwa malaria moja kwa moja. Tofauti ni hizi: mara nyingi homa haipo, watu kadhaa wa nyumba moja huugua kwa wakati mmoja, na wakitolewa nje hupata nafuu. Ukiona hivyo, fungua milango, watoe nje, kisha wakimbize kwenye kituo chenye oksijeni. Usisahau kumwambia mhudumu kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Kile kipimo kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ni ya kutosha kumbe ni sumu imekaa mahali pake. Bila oksijeni ya hospitali, sumu hiyo huchukua saa nne hadi sita kupungua kwa nusu tu. Kwa oksijeni nyingi, kama saa moja hadi moja na nusu.

Ya pili ni vumbi laini la moshi. Chembe zake ni ndogo mno, hupita puani bila kuzuiwa, zikafika mwisho wa mapafu na kuingia kwenye damu. Sumu hii haiui kwa usiku mmoja. Inaua kidogo kidogo kwa miaka. Huleta nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kwa wapishi, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayepikia moshini anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Shirika hilo linaeleza pia kuwa mtoto anayeishi katika moshi huo hatari yake ya kupata nimonia huongezeka karibu mara mbili. Hapa Tanzania kaya nyingi hutegemea kuni au mkaa. Kwa hiyo ndugu msomaji, hili ni jambo la nyumbani kwako.

MAFUNDISHO YA DINI JUU YA MOTO WA USIKU

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zao aliwaeleza Masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Mafundisho haya yalitolewa kabla ya kuwapo maabara ya kupima kaboni monoksaidi. Anayelala na jiko la mkaa chumbani anakwenda kinyume na agizo hilo na kinyume na ushauri wa tabibu kwa pamoja. Na wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba madhara huondolewa. Njia bora ya kuondoa madhara ni kutoyajenga tangu mwanzo.

UMEME UMEFIKA, TUUTUMIE KUPIKIA

Wapo watakaosema, "Tabibu, tufanyeje? Kupika lazima." Ni kweli. Lakini hali ya Songea imebadilika, na mazoea yetu hayajaifuata.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka mji huu ulivyokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli. Mgao ulikuwa jambo la kila siku, na mtu aliyetaka kupikia umeme alionekana hana akili timamu. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, umbali wa takriban kilomita 250, mradi uliosaidiwa na Serikali ya Sweden. Rais wa wakati huo, hayati Dkt. John Magufuli, aliuzindua Aprili 2019. Kisha likaja Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025.

Serikali nayo imetoa mwelekeo. Mwaka 2023 ilitangaza kuzikataza kuni na mkaa katika taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Shule zetu, mabweni ya madrasa zetu na vituo vyetu vya yatima vimo ndani ya agizo hilo. Tusisubiri kukumbushwa na mkaguzi.

JE, UMEME SI GHALI?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mahali. Tulijibu kwa hesabu, maana hofu haina daftari.

Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016 na kuendelea kutumika kwa miaka mingi, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mteja wa kawaida hulipa shilingi 292. Ukiweka kodi na tozo inakaribia shilingi 360.

Sufuria ya umeme ya wali ya wati 700 ikiwaka nusu saa hutumia uniti 0.35. Kwa bei ya mteja wa kawaida hiyo ni kama shilingi 126. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kujizima, litakula uniti moja, yaani shilingi 360. Kwa kawaida halifiki huko, kwa sababu presha ikipanda linajikata lenyewe, na maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva mapema. Sasa chukua daftari, andika mkaa unaonunua kwa wiki, kisha linganisha. Usiniamini mimi, amini daftari lako.

Hadhari moja: mteja wa uniti 75 ana wastani wa uniti mbili na nusu kwa siku. Akizidisha, uniti za juu yake hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi. Kwa hiyo apikie umeme kwa mpango, na asilitumie lile jiko la sahani la koili kuchemshia maharage mchana kutwa.

KISA CHA BWENI LETU

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa bweni la madrasa moja hapa mjini. Ramani ilipoletwa, jiko lilichorwa nyuma, ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala watoto wadogo, likiwa na mafiga matatu makubwa ya kuni. Nikauliza kwa nini jiko la kuni. Mweka hazina wetu akajibu, "Ustadh, tumalize kwanza jengo. Umeme wa kupikia tutauweka baadaye, Insha Allah."

Tukafanya hesabu mbele ya wajumbe. Kuchemsha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji kama uniti 9.3. Hiyo ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Kwa gharama ni kama shilingi 3,350. Lakini soketi ya kawaida ya ampea 13 haitoi zaidi ya wati 3,000. Kwa soketi moja maji hayo yatachemka baada ya saa tatu na zaidi, na watoto watakosa uji. Ukiwa na umeme wa njia tatu na sufuria kubwa ya wati 9,000, yatachemka kwa saa moja hivi.

Hapo ndipo neno "baadaye" lilipoonekana gharama yake. Umeme wa njia tatu unaombwa mapema. Waya mnene hupitishwa kwenye mabomba kabla ukuta haujapigwa plasta. Ukisubiri jengo liishe, utabomoa ukuta, utavunja sakafu na kununua waya mara ya pili. Jengo likishakamilika na mafiga yake, litapikia kuni miaka thelathini.

Aliyemaliza mjadala hakuwa mimi. Alikuwa mama yetu mpishi, aliyeitwa kueleza anahitaji sufuria ngapi. Amepikia kuni kwa miaka mingi na kikohozi chake tunakijua sote. Alisema, "Tabibu mwanangu, mimi moshi huu nimeuzoea. Kifua changu ndicho hakijauzoea." Kikao kikanyamaza.

Tukakubaliana mambo manne. Ramani irekebishwe na jiko lisogezwe mbali na mahali pa kulala. Mabomba na nyaya za njia tatu zitangulie hata kama sufuria zitanunuliwa moja moja. Sufuria ya kwanza ya umeme iwe ya uji na maharage, kwa kuwa ndivyo vinavyokula kuni nyingi. Na gesi iwepo kama akiba ya siku umeme unapokatika, mitungi ikae nje ya ukuta. Fedha hazijatimia zote, lakini hatujajenga mafiga.

NENO JUU YA GESI

Gesi ya mtungi ni safi mara nyingi kuliko mkaa, na Mkakati wa Taifa unaihesabu kuwa nishati safi. Mwenye gesi asirudi kwenye mkaa. Lakini gesi nayo ni moto: inachoma hewa ya chumba, inatoa hewa inayowasumbua wenye pumu, na ikivuja huwa nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini sakafuni ikisubiri cheche. Ndiyo maana matundu ya kupitisha hewa yawe pia chini ya ukuta, na mtungi ukae nje. Umeme peke yake ndio usiochoma kitu ndani ya nyumba.

MIJI MINGINE IMEFANYAJE

Wazo la kutaka majengo mapya yasiwe na moto wa kuchoma limeshajaribiwa mbali na kwetu. Uholanzi, tangu Julai 2018, nyumba mpya kwa kawaida haziungwi tena na bomba la gesi. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2021 inayozuia kuchoma mafuta na gesi katika majengo mapya, ikaanza na majengo mafupi mwaka 2024. Mji wa Berkeley, California, ulitangulia mwaka 2019, lakini mahakama ya rufaa ikaiangusha sheria yake mwaka 2023, kwa kuwa iligongana na sheria ya taifa, na mwaka 2024 mji ukaifuta.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, wote walianza na majengo mapya, kwa sababu kupanga ni rahisi kuliko kubomoa. La pili, sheria ya mji isiyopita njia yake sahihi huanguka. Wenzetu wanakimbia gesi. Sisi tunakimbia mkaa. Safari ni moja, ila kituo cha kuanzia ni tofauti.

TUIOMBE NINI MANISPAA

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi hutoa maoni, madiwani hupitisha, na Waziri mwenye dhamana huidhinisha. Vilevile mtu hajengi mjini bila kibali cha ujenzi, na ramani hupita pia kwa afisa afya. Mlango upo. Tunaweza kuwaomba madiwani wetu wayafikirie haya katika masharti ya kibali:

1. Kila nyumba mpya ya kuishi iwe na sehemu ya jiko iliyowekewa soketi za kupikia zenye waya wake kutoka kwenye sakiti breka.

2. Mabweni, shule, hoteli na majengo mengine ya kupikia watu wengi yaonyeshe kwenye ramani umeme wa njia tatu na mahali pa sufuria kubwa.

3. Kusiwe na jiko la kuni au mkaa linalopakana na chumba cha kulala.

4. Nyumba za kupangisha kila chumba kiwe na mahali salama pa kupikia. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayepikia mkaa mlangoni na kuuingiza ndani baridi inapozidi.

Sharti la nne nalisisitiza. Sheria inayomfaa mwenye nyumba kubwa na kumsahau mpangaji itakuwa imeacha ugonjwa pale pale ulipo.

UMEME NAO UNA HAKI YAKE

Jengo la umeme lililofungwa vibaya linaua. Zingatia haya:

1. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA. Fundi wa bei ya chini asiye na leseni ni ghali.

2. Hakikisha waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, umefungwa kweli na si kuchorwa tu. Omba pia kifaa kinachokata umeme unapovuja.

3. Usichomeke majiko mawili kwenye ekstensheni moja. Soketi ina kikomo chake tulichokitaja hapo juu.

4. Soketi za jiko ziwe mbali na bomba la maji na juu ya kimo cha mtoto mdogo.

5. Usiguse jiko la umeme kwa mikono yenye maji au ukiwa peku kwenye sakafu iliyolowa.

6. Radi za masika zinapoanza, chomoa.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

Msomaji ajipime, au walimu wa madrasa wawaulize vijana wa madarasa ya juu:

1. Kwa nini mkaa usiotoa moshi unaweza kuua?

2. Taja tofauti tatu kati ya sumu ya mkaa na malaria.

3. Kwa nini nyumba mpya iliyozibwa vizuri ni hatari zaidi kwa jiko la mkaa?

4. Lita 50 za maji zitahitaji uniti ngapi kuchemka, na kwa gharama gani?

5. Katika ramani ya jengo linalojengwa mtaani kwako, jiko liko wapi?

Ndugu msomaji, kama una kiwanja na bado hujachimba msingi, wewe ndiye niliyekukusudia. Itoe ramani leo, umuulize fundi wako jiko liko wapi na waya wake unapita wapi. Kama umeshajenga, usiku wa leo jiko la mkaa lilale nje. Yule mtoto wa miaka miwili hakuhitaji dawa yoyote nisiyokuwa nayo. Alihitaji moto ubaki nje ya mlango.

Wabillahi tawfiiq.